Asante, kaka wa darubini

Kaka uliyeketi kulia kwangu kwenye ukumbi wa wazi wa Hollywood Bowl, Los Angeles, Agosti 2013, kwenye tamasha la Kristin Chenoweth, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani: sikukuuliza jina, basi naandika hapa, huenda ikakufikia. Ulinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu, ukanisalimu.

Viti vyetu vilikuwa juu kabisa, mbali na jukwaa. Chenoweth alipomwita jukwaani mwalimu mmoja wa uimbaji kutoka kwa watazamaji waimbe pamoja "For Good", wimbo wa tamthilia ya muziki Wicked ambao Chenoweth mwenyewe, akiigiza kama Glinda, aliuimba Broadway, New York, mwaka 2003, ulinipa darubini yako na hukuidai hadi mwisho. Yule mgeni alipofungua sauti, nilimwona Chenoweth alivyopigwa na butwaa! Nisingeliona hilo bila wewe.

Nakushukuru zaidi kwa mazungumzo. Uliniambia kwamba Chenoweth ni Mkristo wa Oklahoma anayetetea hadharani haki za wapenzi wa jinsia moja, na kwamba kwako hilo lina uzito kuliko Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway, aliyoshinda 1999. Uliniamini, ingawa tulikuwa tumefahamiana saa ileile tu.

Kesho yake nilimpigia mdogo wangu, ambaye jambo hili linamhusu, nikamsimulia yote. Anakusalimu sana.