Fundi wa mtandaoni asikubali kila kitu

Mhariri,

Mwandishi wenu wa ukurasa wa biashara ametuhimiza mafundi cherehani tuingie Instagram na kumshonea kila mteja "chochote anachotaka". Kuingia Instagram namuunga mkono, maana ndiko ninakopatia ugali. Hilo la chochote anachotaka lilinitia hasara mwaka mzima.

Nina vyerehani vitatu na overloki moja, mashine ya kufunga kingo za nguo, hapa Ngamiani. Nilipoanza kuuza mtandaoni niliandika maneno hayo hayo, na wateja wakaja kweli. Huyu anatuma picha ya mwigizaji wa Nigeria, yule anataka shingo ya gauni hili na mikono ya lile. Gauni moja tulilijadili WhatsApp siku nne, kwa sauti za dakika tatu tatu, kabla sijashika mkasi. Bei nilishaitaja, ya gauni la kawaida. Kila nguo ikadai patani yake, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa, bitana yake, na zipu ya rangi ambayo soko zima haipo. Mteja akija kibandani namgeuza, namwonyesha kitambaa, namkatalia huku tunacheka. Kwenye simu ana picha tu, na picha haimwambii kwamba kitenge kile hakilali vile.

Wanaosifiwa duniani kwa kumuuzia kila mtu cha kwake hawafanyi hivyo. Dell, kampuni ya kompyuta iliyoanzia Texas mwaka 1984, ilianza kuuza kwa intaneti mwaka 1996. Mnunuzi alijichagulia kumbukumbu, diski na skrini, akaona bei ikipanda na kushuka palepale, akalipa, ndipo kompyuta ikaunganishwa. Alijiona ametengenezewa ya peke yake, kumbe kila kipande kilikuwa cha kawaida na kinatoka kwa wingi. Cha kwake kilikuwa ule mchanganyiko. Nike nao mwaka 1999 walipowaruhusu watu kujipangia rangi za viatu mtandaoni, hawakumwambia mtu achore soli yake.

Nikaiga. Sasa ukurasa wangu una shingo nne, mikono aina tatu, na urefu wa aina tatu. Hizo ni nguo 36 tofauti, na ukizizidisha kwa vitenge sita nilivyonavyo rafu zinafika 216, zote kutoka patani chache zilizokatwa kwenye maboksi na kutundikwa ukutani. Mteja anataja namba, analipa nusu kwa simu, fundi anaanza kukata. Wapo walioniacha wakisema nimekuwa kama duka la mtumba. Sawa. Waliobaki wanapata nguo siku niliyowaahidi.

Kilichobaki kunisumbua ni vipimo. Mteja wa Mwanza alijipima kifua juu ya sweta. Gauni likasafiri kwa basi, likamfika likimpwaya kama kanzu ya kuazima, akataka fedha zake zote. Nani abebe hasara hiyo? Umoja wa Ulaya umelijibu: anayenunua mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo, ila haki hiyo haigusi kitu kilichotengenezwa kwa maelekezo yake mwenyewe. Naona ni haki, mradi isiwe kichaka cha fundi mzembe. Kwangu kosa la mshono ni langu, nalirekebisha na nauli ya basi nalipa. Kosa la futi ya kupimia ni la aliyeishika, na nimeliandika hilo juu kabisa ya ukurasa, kabla ya bei.

Basi ukurasa wenu ukirudi kwenye mada hii, uchapishe mchoro wa namna ya kujipima: futi ipite chini ya makwapa na kwenye kilele cha matiti, juu ya nguo nyepesi, ishikwe na mtu mwingine. Mtatuokolea nauli nyingi za mabasi.

Mshona nguo,
Ngamiani, Tanga