Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tuzo Yetu na Watu wa Vipimo

Ndugu wanachama,

Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atawasomea mwenyewe. Vikao vyote vya kamati vilifanyika kama ilivyopangwa. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikitumia karibu taarifa nzima kwa jambo moja: tuzo tunayowapa wanasayansi wanaokinga vifaa vya elektroniki dhidi ya mionzi ya nyuklia na ya anga za juu. Mwaka huu nusura tumnyime mwenye haki yake.

Ilikuwa hivi. Kamati ilipokea jina la mhandisi ambaye ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akipima jinsi chipu zinavyostahimili mionzi, kwenye mitambo ya kuongeza kasi ya chembe za atomi. Fomu yetu inadai orodha ya makala za majarida, na yeye alikuwa na chache mno. Kazi yake yote imo katika ripoti za vipimo, jedwali juu ya jedwali: chipu hii ilistahimili hadi hapa, ile iliungua hapa. Tukaliweka jina lake kando. Ndipo mjumbe mmoja akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kuchagua chipu ya setilaiti bila kwanza kufungua ripoti za aina hiyo. Hakuna aliyejibu. Jina likarudishwa mezani, na tuzo amepata yeye.

Wengi wenu ni watu wa nadharia na hamjawahi kushuhudia kazi yenyewe. Kifuniko cha chipu huondolewa kwa asidi hadi silikoni ibaki wazi, kwa kuwa ayoni nyingi nzito, yaani atomi zenye chaji ya umeme, huishia kwenye plastiki kabla hazijafika ndani. Chipu hupangwa mbele ya mdomo wa bomba linalotoa ayoni hizo, nyaya hupitishwa ukutani, watu hutoka, mlango hufungwa. Nyuma ya zege kuna mtu mmoja mbele ya skrini, anahesabu. Biti imegeuka: sifuri ya kumbukumbu imekuwa moja. Nyingine tena. Mara mkondo wa umeme unapanda ghafla, naye hana budi kuukata papo hapo, la sivyo chipu inaungua na kipimo kimeharibika. Muda wa mtambo ni ghali na wanaousubiri ni wengi, hivyo kukuta watu wakifanya hayo saa tisa za usiku ni jambo la kawaida. Asubuhi wanaandika walichokiona, hata kama kinamuudhi aliyetengeneza chipu.

Na taaluma yetu yote ilianza kwa kupima vilivyoharibika. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatoni 1.4, katika jaribio la Starfish Prime, kilomita 400 hivi juu ya Bahari ya Pasifiki. Baadhi ya taa za barabarani zilizimika Honolulu, Hawaii, umbali wa kilomita 1,400 hivi, na elektroni za mlipuko zikanaswa katika uga wa sumaku wa dunia. Kesho yake ikarushwa setilaiti ya mawasiliano ya Telstar, ambayo njia yake ilipita katikati ya mionzi hiyo. Ilipofika Novemba ikaacha kutii amri. Wahandisi wa Bell Labs, maabara iliyoitengeneza, hawakukaa kuomboleza. Walichukua transista, yaani swichi ndogo za umeme, za aina ileile, wakazipiga mionzi maabara, wakaona kwamba zikiondolewa umeme hupata nafuu. Wakatunga amri zilizorekebishwa ili saketi iliyojeruhiwa iweze kuzipokea, na Januari 1963 setilaiti ikaitika. Februari ilinyamaza kabisa, lakini kwangu mimi ule mwezi mmoja na ushee ndio mwanzo wa fani hii: mgonjwa yuko angani, na dawa imetafutwa juu ya meza.

Mwaka 1964 mtafiti Harold Hughes alionyesha kwamba transista za aina ya MOS, zilizodhaniwa kuwa sugu, hudhurika kwa namna yake: mionzi huacha chaji imenasa kwenye tabaka jembamba la oksaidi, na transista iliyopaswa kuzimika hubaki imewaka. Mwaka 1975 watafiti Binder, Smith na Holman walieleza jinsi chembe moja tu ya miale ya kosmiki, ile itokayo anga za juu, inavyoweza kugeuza hali ya saketi katika setilaiti. Miaka mitatu baadaye May na Woods wa kampuni ya chipu ya Intel waligundua kwamba adui mwingine alikuwa ndani ya nyumba: chembechembe za urani na thori katika kauri iliyofunika chipu zilikuwa zikitoa miale ya alfa na kugeuza biti za kumbukumbu hapa hapa ardhini.

Anayedhani haya ni ya setilaiti peke yake aikumbuke Chernobyl. Mwaka 1986, baada ya kinu cha nyuklia kulipuka, roboti zilizopandishwa juu ya paa kuondoa vifusi zilishindwa na mionzi, na wakapanda binadamu wenye koleo, kila mmoja kwa dakika moja au mbili, kisha anashuka na mwingine anapanda. Kule Fukushima, kituo cha nyuklia kilichoharibika huko Japani, Februari 2017 roboti ya usafi ilibidi irudishwe baada ya saa mbili hivi kwa sababu picha za kamera yake zilikuwa zinafifia. Kipande cha kwanza cha mafuta ya nyuklia yaliyoyeyuka kilitolewa Novemba 2024 kwa kifaa kinachoongozwa kutoka mbali, na uzito wake haukufika gramu moja. Nikisoma habari ya gramu hiyo, nawafikiria watu wa kule nyuma ya zege.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo mawili. Kwanza, ripoti ya vipimo iliyo wazi kwa wote ihesabiwe katika fomu ya tuzo sawa na makala ya jarida. Pili, mafundi wa mitambo waruhusiwe kupendekezwa hata kama hawana shahada ya juu. Najua pendekezo la pili lina wapinzani humu, na nimewasikia. Naliunga mkono hata hivyo. Pia tumeanza kurekodi sauti za wazee wetu waliofanya vipimo vya awali. Kazi hiyo imechelewa, na mwenye muda wa kusaidia kuwahoji amwone katibu leo hii.

Karatasi za kura zitagawiwa mara tu mweka hazina atakapomaliza kusoma hesabu.

Mwenyekiti