Tusiwasahau wa MV Bukoba

Mhariri,

Naandika kuhusu kumbukumbu ya MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, ikikaribia Mwanza. Nilikuwa darasa la tano mjini Bukoba. Nakumbuka redio ya jirani, watu wamejaa uani, na mama mmoja aliyekuwa akiuliza tena na tena kama waliopandia bandari ya Kemondo, ambako meli ilipita baada ya Bukoba, nao wamehesabiwa. Hakuna aliyemjibu. Taifa liliomboleza siku tatu.

Leo vijana wengi wanaosafiri ziwani hawajui kilichotokea. Mwezi Mei ukifika, wanaokwenda makaburi ya Igoma, Mwanza, walikozikwa wengi wa marehemu, ni wachache, na wazee wanazidi kupungua. Hili si suala la machozi tu. Meli ile ilizidisha abiria. Miaka 22 baadaye kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho kimejaza kupita kiasi.

Napendekeza majina ya marehemu yabandikwe katika bandari za Bukoba, Kemondo na Mwanza, pale pale dirisha la tiketi lilipo. Na manusura waalikwe shuleni kusimulia, wangali hai.

Msomaji wako,
Bukoba