Kwa Tatu, kuhusu macho yako na hiyo simu

Shoga yangu Tatu,

Salamu sana, na wote hapo nyumbani nisalimie. Huku hatujambo. Ujumbe wako nimeuchelewesha, najua, ila uliyoyauliza hayajibiki kwa maneno mawili, ndiyo maana nimeona heri nikuandikie barua.

Kwanza tulia, hupofuki. Mtu wa miaka 45 kusogeza simu mbali ndipo aone herufi si ugonjwa. Lenzi yake imekuwa ngumu, basi. Sote ni njia moja, hata Rashidi na hayo matone yake, ambayo nitayafikia.

Mwanga ukiingia jichoni hupindwa mara mbili. Kazi kubwa ni ya konea, ule utando angavu wa mbele kabisa: karibu dayopta 43 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga) kati ya 60 hivi za jicho zima. Lakini konea haijibadilishi. Kinachojibadilisha ni lenzi iliyo nyuma ya mboni. Kamera husogeza lenzi yake mbele na nyuma, jicho huinenepesha. Misuli inayoizunguka ikikaza, nyuzi zilizoishika hulegea, na lenzi inajikusanya iwe nene. Wengi hudhani kinyume chake, kwamba misuli ndiyo inayoivuta. Mwanasayansi Mwingereza, Thomas Young, alilionyesha hili mwaka 1801: alifunika jicho lake kwa maji na lenzi ndogo, konea ikawa haina kazi tena, naye bado akaweza kuona vya karibu na vya mbali.

Sasa hesabu, maana wewe huamini mpaka uone namba. Gawanya 100 kwa sentimita za umbali. Kitu cha sentimita 40 kinadai dayopta 2.5, cha 50 kinadai 2. Mtoto wa miaka 10 ana zaidi ya 10 za kuchezea. Umri wetu zimebaki kama 4, na kwenye miaka 60 ni 1 tu, au pungufu. Tena misuli haiwezi kuzitumia zote muda mrefu. Nusu yake ndiyo ya kusomea kwa raha. Nusu ya 4 ni 2, na 2 ni sentimita 50. Hebu chukua futikamba upime simu inakaa wapi ukiwa unasoma! Miwani ya +1 inakuongezea dayopta moja, unarudi kwenye sentimita 33 na mkono unapumzika.

Yale ya Mama Shani kwamba miwani inalegeza macho, mwache nayo. Lenzi inakakamaa uvae usivae. Kinachotokea ni kwamba ukishazoea herufi kali huwezi tena kuvumilia ukungu uliokuwa ukiuvumilia jana, halafu lawama inakwenda kwa miwani. Na mazoezi ya macho hayasaidii kwa hili, kwa sababu misuli yako bado ina nguvu. Lenzi ndiyo imegoma.

Uliuliza mbona mchana nje unasoma vizuri na usiku ndani unahangaika. Ni mboni hiyo. Kwenye mwanga mkali hubana hadi milimita 2 hivi, na tundu dogo husamehe makosa ya lenzi. Kwenye kiza hutanuka na ukungu unazidi. Jipime: toboa kadi kitundu cha milimita 1, chungulia maandishi kwa jicho moja moja, taa ikiwa nzuri. Yakiwa safi, tatizo ni miwani tu. Yasipobadilika, nenda kwa daktari, huenda ni mtoto wa jicho au retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na hapo miwani ya kununua tu haitoshi.

Matone ya Rashidi sasa, hayo anayosema yanalainisha lenzi. Marekani iliidhinisha ya pilokapini mwaka 2021, kwa hiyo hakudanganya yote. Ila hayalainishi lenzi hata kidogo, yanabana mboni tu, kitundu kilekile cha kadi. Baada ya saa kadhaa yanaisha, na usiku yanakutia giza. Hata hivyo ni dawa ya kuandikiwa, si ya kugawiana barazani.

Lile la nyota kutoweka ukizikazia macho ni jambo jingine kabisa, na halina ubaya. Katikati ya retina kuna seli koni tu, za rangi na za kusomea, nazo zinataka mwanga mwingi. Seli fimbo, ambazo kwenye giza zinaweza kuhisi hata chembe moja ya mwanga, zimejaa pembeni. Kwa hiyo tazama kando kidogo ya nyota. Halafu zipe seli hizo muda: rodopsini yao, kemikali inayonasa mwanga, huunguzwa na mwanga na kujijenga upya taratibu, karibu nusu saa. Ukiangalia simu, unarudi nyuma. Ukihitaji taa, tumia nyekundu hafifu, seli fimbo haziioni sana. Vidonge vya vitamini A usinunue. Ikipungukia mwili, usiku huoni kweli, lakini ikizidi haikuongezei kitu, na ini ndilo linaloumia.

Narudi palepale: pima macho, vaa miwani. Huo ubishi wako wa... haya, nimenyamaza.

Ila niambie: ukungu ni wa macho yote mawili au moja limezidi? Za mbali unaziona? Kichwa kinauma ukisoma? Presha ya jicho umewahi kupimwa, na ile ya marehemu bibi ilikuwa glakoma au nini? Umeona vimulimuli, au kivuli kama pazia pembeni? Hata moja kati ya hayo mawili likitokea usiniandikie mimi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na Zuhura amejifungua?

Ni mimi shoga yako,
Mwajuma