Mikono ya dada yangu haikuungua

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme neno kuhusu filamu ya Dirty God, iliyotoka mwaka 2019 na kuongozwa na Sacha Polak wa Uholanzi, ambayo mimi na dada yangu mkubwa tuliitazama nyumbani kwetu Langoni, Lamu. Inasimulia kisa cha Jade, mama kijana wa London aliyemwagiwa tindikali na mwanamume aliyezaa naye, akatoka hospitali na sura ambayo hata mtoto wake anaiogopa. Mwigizaji mkuu, Vicky Knight, mwenyewe ana makovu ya moto tangu akiwa na miaka 8, na kamera inayatazama makovu bila haraka, mpaka aliyeanza kwa kushtuka anajikuta anamwona msichana mwenye hasira, matamanio na makosa yake.

Dada yangu alinyamaza karibu muda wote. Jade alipopata kazi ya kuzungumza na wateja kwa simu, ndipo aliposema, “Hata yeye wamempa kazi ya mahali asipoonekana.”

Dada yangu alikuwa mpakaji wa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuwapambia maharusi, tena wa kuitwa kutoka Mkomani hadi Shela, kabla ya jiko la mafuta ya taa kumlipukia na kumuunguza shavu na shingo. Mikono yake ilisalimika, na ufundi wake haukupungua hata kidogo, lakini nyumba za harusi ziliacha kumwita moja baada ya nyingine, na mama mmoja alitamka wazi kwamba ni nuksi bibi harusi kukaa usiku kucha akitazamana na uso kama ule. Tangu siku hiyo hatoki bila nikabu. Siilaumu nikabu, ambayo kwetu ni stara na kila avaaye ana nia yake. Ila dada yangu ameniambia kwamba yeye aliivaa kwa kuyakimbia macho ya watu wa usita wa mui, yaani njia kuu ya mji wetu, na pole zao zisizokwisha, ambazo humkumbusha kila asubuhi jambo ambalo angependa kulisahau walau mpaka adhuhuri.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, daktari mpasuaji Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, katika mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza, aliwatibu marubani walioungua. Pamoja na kuwatengenezea ngozi, aliwaomba wenyeji wawakaribishe majumbani mwao na kuketi nao pasipo kugeuza macho. Wagonjwa hao waliunda chama chao mwaka 1941, na vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649. Naona daktari yule alielewa kwamba mji nao una sehemu yake katika tiba, na sijui mji unaofaa zaidi kwa kazi hiyo kuliko Lamu, ambako njia ni nyembamba kiasi kwamba hakuna apitaye bila kusalimiwa.

Basi nawaomba kina mama wanaopanga harusi wamsalimie dada yangu kama zamani, kwa jina lake, wamuulize habari za kazi kabla ya habari za uso, na Shaabani, mwezi wa harusi, ikikaribia watume mtu aje amwite. Hina na piko anazo tayari, na mlango wetu wanaujua.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu