Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Reli ya Zamani Isiachwe

Ndugu wanachama,

Mambo ya ndani ya chama nayapitia haraka. Hesabu atazisoma mweka hazina, na katibu ana orodha ya wasiolipa ada (wanajijua). Matawi ya Pugu na Gongo la Mboto yamechangamka. La Ubungo limelala, na kamati itakayochaguliwa leo ianze na hilo.

Nataka tutumie muda wetu kwenye swali ambalo limetugawa mwaka mzima. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria hadi Morogoro, Juni 2024, na kisha Dodoma, baadhi yenu mnasema reli ya zamani, yaani Reli ya Kati inayopita hapa Dar es Salaam, imemaliza kazi. Mimi naona ndiyo kwanza imepata nafasi. Treni inayokimbia kilometa 160 kwa saa haikujengwa kusimama Buguruni wala Vingunguti. Ikitoka mjini inaelekea Pugu na kuendelea. Mama anayewahi Kariakoo na mzigo wa mboga haimsaidii. Abiria wengi wa Morogoro na Dodoma wamehamia huko, kwa hiyo reli ya zamani sasa inaweza kuhudumia wa mjini kwa moyo mkunjufu zaidi.

Tukumbuke tulikoanzia. Oktoba 2012, treni tuliyoibatiza ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, haikusubiri reli mpya. Yalifufuliwa mabehewa na kukarabatiwa njia iliyokuwepo: Stesheni hadi Ubungo Maziwa upande mmoja, na upande wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hadi Mwakanga. Treni ya Pugu ikafuata mwaka 2016. Reli yenyewe ilianza kujengwa hapa mjini mwaka 1905.

Sasa kwa nini treni ni chache? Wengi hulaumu uhaba wa mabehewa, na kweli asubuhi tunabanana hadi mlangoni. Lakini ongezeni mabehewa mtakavyo, njia ni moja. Treni inayokwenda na inayorudi hukutana tu penye njia ya kupishana. Pasipo nayo, moja inasubiri stesheni hadi nyingine ipite. Ndiyo maana kamati imeamua kwamba ombi letu la kwanza liwe njia za kupishana kati ya mjini na Pugu, pamoja na ishara za kuongozea treni. Jambo hili halina picha nzuri ya kukata utepe, najua, ila ndilo linalopunguza kusubiri.

Mtu wa Mwakanga ana shida yake. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067. Kwa milimita 67 hizo behewa la huku haliwezi kwenda kule. Kuunganisha njia ni gharama kubwa. Tiketi moja na ratiba zinazosomana ni kazi ya mezani. Tuanze na hiyo.

Kwa wanaodhani reli iliyokufa haifufuki, tazameni kaskazini. Mizigo ilirudi kati ya Tanga na Moshi mwaka 2019, abiria wa Dar es Salaam wakafika Moshi Desemba mwaka huo na Arusha Oktoba 2020, baada ya njia kukaa miaka mingi bila treni ya abiria. Iliwezekana kwa sababu tuta na ardhi yake vilikuwa bado vipo. Kusini, reli ya Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa wakoloni iling'olewa mapema miaka ya 1960, na leo reli ya Mtwara inapangwa upya kuanzia sifuri.

Kwa hiyo hifadhi ya reli, yaani ardhi iliyotengwa kando ya njia, tusiichezee. Wanaopanga nyanya katikati ya mataruma siwatetei, ingawa kuwafukuza kila mwaka hakujasaidia. Wanarudi jioni ileile. Uzio wenye vivuko vya waenda kwa miguu mahali watu wanapopita kweli utasaidia zaidi.

Mapendekezo mawili yapo mbele yenu: barua ya njia za kupishana, na nyongeza ndogo ya ada ili tumlipe mhandisi mstaafu atusaidie kuiandika. La kwanza naomba tulipigie kura kabla ya chakula. La pili najua litachukua muda.