Flashi mmezizuia, mafaili yenu yako dukani kwangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa ofisi waliopiga marufuku flashi kazini. Mimi nina steshenari hapa Morogoro mjini: chumba kimoja, kompyuta mbili, printa mbili, mashine ya kopi na ya laminesheni. Nimeiendesha tangu 2011. Ng'ambo ya barabara kuna ofisi. Sitaitaja, maana ninayoyaeleza hayaihusu hiyo peke yake, na wanaofanya kazi mle ni wateja wangu, wengine ni majirani.

Watu wa ofisini huja kwangu kwa sababu ambayo kila mtumishi anaijua. Wino wa printa umekwisha. Au wino upo, karatasi hakuna. Au printa iko chumbani kwa bosi, bosi kasafiri na funguo kaondoka nazo. Barua inatakiwa saa nane, kwa hiyo mtu anavuka barabara.

Zamani walivuka na flashi. Zilining'inia kwenye kamba za vitambulisho au kwenye mashada ya funguo za nyumba. Mteja ananiuliza, "Kaka, mashine yako haina virusi?" Nami namuuliza, "Ya kwako je?" Hakuna aliyekuwa na hakika. Kulikuwa na ule ugonjwa wa kufungua flashi ukakuta mafolda yote yamegeuka njia za mkato, kila moja kilobaiti moja au mbili. Mafaili yenyewe yalikuwepo. Kirusi kilikuwa kimeyaficha na kuweka alama zinazofanana nayo, ili ukibofya unachodhani ni folda lako uwe umekiamsha chenyewe. Kikishaamka kinahamia kwenye kompyuta, na kila flashi itakayochomekwa baada ya hapo inaondoka nacho. Februari 2011 Microsoft walitoa marekebisho ya kuzuia Windows za zamani zisijifungulie programu flashi inapochomekwa, lakini kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba na haikuunganishwa na intaneti hata siku moja. Marekebisho hayo hayakuifikia.

Mwaka 2014 mwanafunzi mmoja wa chuo alikaa kwenye kiti changu cha plastiki analia. Tasnifu yake haionekani. Tulikaa mpaka saa nne usiku tukiyafichua mafaili moja baada ya jingine, na karibu yote yakarudi. Siku ile alikuwa amepita steshenari tatu. Hatukujua ni ipi iliyomwambukiza, na inawezekana ni yangu. Sijalisahau lile, kwa sababu flashi iliyotoka kwangu saa tano asubuhi huwa iko ndani ya kompyuta ya ofisi saa tano na dakika kumi, na kompyuta hiyo ndiyo yenye majina, mishahara na viwanja vya watu.

Halafu kuna zinazosahaulika. Nina kopo la maziwa ya unga chini ya kaunta, ndani yake kuna flashi 17. Mtu anachapisha, analipa, anapokea simu, anaondoka, flashi inabaki kwenye mashine. Mwanzoni nilikuwa nazifungua nimtambue mwenyewe nimrudishie. Niliona ni uungwana. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walidondosha flashi 297 katika maeneo ya chuo, wakatoa matokeo yao 2016: karibu nusu zilichomekwa na waliozikuta, na wengi wa waliohojiwa walisema walitaka tu kumpata mwenyewe. Nilijiona mimi pale. Flashi moja niliyoifungua kwa nia hiyo njema ilikuwa na orodha ya wagonjwa, majina matatu matatu, namba za simu, na safu ya majibu ya vipimo. Niliifunga haraka, lakini jicho lilikuwa limeshaona jina la mtu ninayeswali naye msikiti mmoja.

Kwa hiyo marufuku ilipokuja, mwaka jana, sikuwa mmoja wa walionung'unika. Tangazo lilibandikwa getini, na fundi wao wa TEHAMA akafunga matundu ya USB, ukichomeka flashi kompyuta haioni kitu. Walifanya jambo la haki. IBM, kampuni yenye wafanyakazi dunia nzima, ilichukua hatua hiyo 2018. Uwanja wa ndege wa Heathrow kule London ulitozwa faini ya pauni 120,000 mwaka huohuo, kwa sababu mwaka mmoja kabla mpita njia aliokota flashi yenye mafaili yao zaidi ya 1,000, wazi, hata nenosiri hamna. Na mji wa Amagasaki nchini Japani, Juni 2022, mfanyakazi wa mkandarasi alibeba kwenye mkoba flashi yenye taarifa za wakazi wote, zaidi ya 460,000. Kazi aliyoendea aliimaliza, hakuzifuta, akapitia kunywa na wenzake, akalala njiani. Alipoamka mkoba haupo. Ulipatikana baada ya siku chache, na taarifa zilikuwa zimesimbwa, yaani hazisomeki bila nenosiri, lakini mji mzima ulikuwa umeshalala na hofu.

Sasa nieleze kilichotokea huku kwetu. Siku ya tatu baada ya tangazo alikuja mama mmoja wa masjala, mteja wangu wa miaka mingi. Mkononi hana kitu. "Mwanangu, flashi wametukataza. Nipe namba yako ya WhatsApp nikurushie." Nikampa. Jioni ile wakawa sita. Kufika mwisho wa mwezi namba yangu ilikuwa imebandikwa ukutani ndani ya ofisi yao, nimeambiwa na kijana wao mwenyewe, akidhani ananipa habari njema.

Jumatatu iliyopita niliamua kuhesabu. Nilipokea nyaraka 41 kwenye simu, na 23 zilitoka ng'ambo ya barabara.

Wakuu wa ofisi, tafadhalini nisikilizeni hapa, maana hili huenda hamlioni mkiwa huko juu. Flashi, pamoja na ubaya wake wote, mteja alikuja nayo na akaondoka nayo. Faili la WhatsApp halitoki na mteja. Linakaa kwenye simu yake binafsi, linakaa kwenye simu yangu, linajipakua kwenye kompyuta ninayochapishia, na simu ikijihifadhi nakala usiku, nalo linaingia kwenye nakala hiyo. Mpwa wangu anayenisaidia Jumamosi ana namba ya duka kwenye simu yake pia. Tukiibiwa simu moja stendi ya Msamvu, mmeibiwa nyinyi. Na fundi wenu, kwa utaalamu wake wote, hana namna ya kufunga tundu lililo dukani kwangu.

Mwezi wa tatu ililetwa barua. Kijana aliyeituma aliandika tu "nakala mbili, haraka". Ikajifungua kwenye kioo kabla sijaibonyeza kuichapa. Ilikuwa barua ya kumsimamisha kazi mtumishi kwa tuhuma, imetaja jina lake, cheo chake na fedha anazodaiwa. Namfahamu yule dada. Nilichapa nakala mbili, nikaziweka kwenye bahasha nikiwa nimezigeuza, nikapokea shilingi 400.

Kesho yake asubuhi akaja mwenyewe. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, anataka nikipige laminesheni kwa ajili ya shule. Alinisalimu, akaniuliza hali ya mke wangu, akasema mwisho wa mwezi atanilipa deni lake la madaftari. Nilijua alikuwa hajapewa ile barua. Mimi muuza kalamu nilikuwa najua kwamba mwisho wa mwezi huenda asiwe na mshahara, na yeye hajui. Nilishindwa kumtazama usoni. Nilimwambia deni la madaftari lisimsumbue, akashangaa, akacheka, akadhani nimepata faida mahali. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata walau huingia mtungini kwa kazi yake. Mimi siri ile sikuwa na haki nayo hata kidogo.

Tangu siku hiyo nimebadili mambo kwangu. Kila jioni kabla ya kufunga nafuta mazungumzo yote ya siku na folda zima la vilivyopakuliwa, na pipa la taka la kompyuta nalimwaga. Simu ya duka nimeizima isijihifadhi nakala. Orodha za wagonjwa, karatasi za mishahara na barua za nidhamu sizipokei tena. Namwambia mteja, dada yangu, au mzee wangu, hii irudishe ofisini. Wengine wamenuna. Wawili wamehamia steshenari ya kona ya pili, ambako hawaulizwi. Nimepoteza fedha, na ninakubali.

Lakini sheria haikuandikwa ili mwenye steshenari ajiamulie peke yake kipi akifute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na anayezichakata kwa niaba yake afanye hivyo kwa makubaliano. Miaka yote hii hakuna ofisi iliyovuka barabara kuniuliza mafaili yao yakifika kwangu yanakwenda wapi. Wamefunga matundu ya USB, wakaona kazi imekwisha.

Ninachoomba si kikubwa. Kabla hamjabandika tangazo, kaeni na karani wa masjala mmuulize barua inatokaje mezani kwake mpaka kwenye bahasha, hatua kwa hatua. Mtakuta mahali inapokwama, na mara nyingi ni pakiti ya wino. Nunueni wino. Wekeni skana moja inayofanya kazi na folda la pamoja kwenye mtandao wa ndani, ili mtu wa chumba namba 4 asilazimike kumrushia mwenzake wa chumba namba 9 kwa simu yake binafsi. Barua pepe ya kazi mnayo; hakikisheni watu wanazijua nywila zao na kompyuta zinafunguka. Na ikitokea lazima kitu kitoke nje, kiwe kwenye flashi ya ofisi, iliyosimbwa, yenye namba, inayosainiwa ikitoka na ikirudi, na aliyeibeba asimame hapo hapo mpaka ichomolewe. Mimi nitampisha akae kwenye kiti changu achapishe mwenyewe.

Najua mkifanya hivyo nusu ya wateja wangu hawatarudi. Bado zitabaki picha za pasipoti, madaftari, na kopi za vitambulisho vya NIDA. Nitaishi.

Kuhusu flashi 17 zilizo kwenye kopo: tangu niliposoma habari ya Illinois sijachomeka hata moja. Mwenye yake aje dukani anitajie rangi yake, na kama ilikuwa na kamba au kifuniko, nitampa. Zitakazobaki mwisho wa mwezi huu nitazivunja kwa nyundo mlangoni, mchana, anayetaka kushuhudia aje.

Wako katika kazi,
Mwenye steshenari,
Morogoro